Pikapu ya Kazini na ya Kuvuta Tela la Kambi Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya au Iringa anayetafuta pikapu moja ya kwendea kazini kila siku, ambayo pia itavuta tela la kambi hadi Ruaha, Kitulo au Matema wakati wa likizo, aanze kufikiria mteremko kabla ya kuulizia nguvu za kupandia mlima. Mlima Kitonga, wenye barabara kali ya kupinda mkoani Iringa, hata injini iliyochoka huupanda polepole. Hatari iko kwenye kushuka, pale tela lenye mzigo linapoisukuma gari kwa nyuma na dereva akakanyaga breki mfululizo mpaka zikaanza kunuka na kuacha kushika. Inatakiwa gari ambayo ikishuka kwa gia nzito (za chini, kama namba moja au mbili), injini yenyewe inaizuia.

Mwinuko nao una gharama yake. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni zaidi ya mita 2,500. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), kama ile iitwayo 3L ya Toyota Hilux za zamani, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ni injini imara mno, lakini kwa kazi hii siipendekezi.

Nafasi ya kwanza naipa Isuzu D-Max ya lita 3.0 yenye gia za mkono. Injini yake ya 4JJ1 hutumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na torki yake (nguvu ya kuzungusha magurudumu) ya Nm 380 hupatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, kwa hiyo tela huondoka bila injini kupiga kelele. Ya pili ni Toyota Hilux ya lita 2.8, iliyotoka mwaka 2015, yenye Nm 420 kwa gia za mkono. Fundi wa mji wowote anaifahamu, na ningeitanguliza kama bei yake ingekuwa ya chini kidogo. Ford Ranger ya lita 3.2 inazizidi zote mbili kwa Nm 470, ila inataka fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Nissan Navara yenye koili (springi za kujizungusha) nyuma ni tulivu sana barabarani, lakini huinama haraka ikilemewa na tela.

Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, hata kama pikapu imeandikiwa kuvuta kilo 3,500. Kabla ya kulipa, lala chini ya gari uangalie kulabu ya kuvutia tela: iwe imefungwa kwenye chasisi, si kwenye bampa, na matundu ya boliti yawe ya duara. Tundu lililotanuka, au rangi mpya iliyopakwa hapo peke yake, ni ishara kwamba gari imevuta mizigo mizito kuliko anavyosema muuzaji.