Wakala wa akili mnemba wa kufupisha matokeo ya NONMEM: uzoefu wangu

NONMEM ni programu ya kujenga modeli za takwimu za jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Kazi ninayompa wakala huyu ni moja: aingie kwenye folda ya modeli, asome matokeo, kisha aniandikie kama ukadiriaji ulifika mwisho salama, OFV (namba inayopima modeli inavyolingana na data; ikishuka ni bora) imeshuka kiasi gani dhidi ya modeli mama, yaani ile iliyotangulia, parameta zimekadiriwa kwa uhakika gani na wapi pana dosari. Modeli zikiwa nyingi, msaada wake ni mkubwa kweli. Ila muhtasari wake hauwi bora kuliko faili alizosoma na masharti aliyowekewa.

Usimpe faili la .lst, yaani ripoti ya NONMEM, peke yake. Limepangwa kwa ajili ya macho ya binadamu, na eta (tofauti za mgonjwa mmoja mmoja) zikiongezeka matriki hukatika na kuendelea mistari ya chini, kwa hiyo ni rahisi namba ya eta ya tatu kuhesabiwa kuwa ya nne. Namba zitoke kwenye .ext, faili la jedwali la makadirio. Humo mstari wenye -1000000000 una makadirio ya mwisho, -1000000001 una makosa sanifu, na -1000000006 unaonyesha parameta zilizofungwa kwa FIX, yaani zisikadiriwe. Skripti fupi ya R au Python ichomoe mistari hiyo na kukokotoa asilimia. Wakala apokee jedwali lililokwisha kukokotolewa na aandike maneno tu. Faili la .lst libaki kwa ajili ya ujumbe wa programu na msimbo wa modeli. Majedwali yenye data ya mgonjwa mmoja mmoja hayana kazi hapa, yasitoke kwenye seva yenu.

Ukitumia SAEM kisha IMP, mbinu mbili za ukadiriaji, .ext huwa na jedwali la kila mbinu. Wakala asipoelekezwa anaweza kuchukua la kwanza, na thamani ya SAEM haifai kulinganishia modeli. Sharti langu ni jedwali la mwisho, na jina la mbinu liandikwe kando ya OFV.

Kwenye ulinganisho wenyewe yuko makini na hesabu: OFV kushuka kwa 3.84 kwa parameta moja iliyoongezwa ni p<0.05, 6.63 ni p<0.01, 10.83 ni p<0.001. Tatizo ni kwamba hahoji kama ulinganisho ni halali. Mtu akibadilisha sharti la IGNORE (linaloamua rekodi za kuruka) na rekodi kadhaa zikaachwa, OFV inaweza kushuka sana bila modeli kuwa bora hata kidogo, na muhtasari ukasifu mafanikio ambayo hayapo. Dawa yake ni skripti kusoma TOT. NO. OF OBS RECS na TOT. NO. OF INDIVIDUALS katika modeli zote mbili. Zikitofautiana, hakuna p kuandikwa. Vivyo hivyo mbinu ya ukadiriaji ikibadilika, au data ya modeli moja ikiwa imegeuzwa kuwa logi.

Mahali panaponisumbua zaidi ni skeli. Theta (parameta ya kundi zima) ikiandikwa kama logi ya CL (kasi ya mwili kuondoa dawa), makadirio ya 0.10 yenye kosa sanifu 0.06 yataripotiwa kuwa na RSE (kosa sanifu kama asilimia ya makadirio) ya 60%, na wakala atashauri parameta iondolewe. Ukweli ni kwamba CL ni takriban 1.11, na kosa lake ni karibu 6%, kwa sababu kosa sanifu kwenye logi ndilo takriban RSE ya parameta yenyewe. Kwa hiyo jedwali linahitaji safu inayosema kila theta iko kwenye skeli gani, na mtu ndiye aijaze. Ndivyo ilivyo pia kwa omega (variansi ya eta): 0.09 ni CV (tofauti kati ya wagonjwa kwa asilimia) ya 30% ukichukua kipeuo cha pili tu na 30.7% kwa fomula kamili, tofauti isiyo na uzito, lakini 0.5 inatoa 70.7% au 80.5%. Chagua fomula moja, iandikwe chini ya jedwali.

Msinyao, yaani eta kuvutwa kuelekea sifuri data ikiwa haba, nao una sura mbili. Asilimia 30 kwa mkengeuko sanifu ni 51 kwa variansi, na zote zimo kwenye matokeo. Asipoambiwa ipi, hutaja yoyote. Na pale kosa la masalia (tofauti inayobaki kati ya data na modeli) linapobebwa na theta huku sigma, variansi yake, ikiwa 1 FIX, bila masharti ataripoti vizuri kabisa kwamba variansi ya masalia ni 1. Hilo ni kosa la kutosoma msimbo.

Hali ya mwisho ya ukadiriaji inataka ukali. MINIMIZATION SUCCESSFUL inaweza kufuatwa na mstari wa HOWEVER, PROBLEMS OCCURRED WITH THE MINIMIZATION. Anayesoma wa kwanza pekee ataiita modeli salama. Kinyume chake, ERROR=134 (ukadiriaji kusimama kwa makosa ya kukadiria tarakimu) si sababu ya kutupa modeli papo hapo. Aeleze idadi ya tarakimu zilizofikiwa, kama kuna parameta iliyo karibu na mpaka wake, na aniachie uamuzi. Hatua ya kovariansi, inayotoa makosa sanifu, ikishindwa, safu ya RSE iandikwe “haikupatikana”. Sharti hili nililiweka wazi kabisa, maana pengo kwenye jedwali humvuta kulijaza.

Kwa anayetaka kuanza, andaa folda za majaribio ambazo majibu yake unayajua: moja yenye kovariansi iliyoshindwa, moja yenye rekodi zilizopunguzwa, moja yenye theta za logi, moja yenye SAEM na IMP. Zipitishe kabla ya kumwamini, na uzirudie kila modeli ya lugha iliyo nyuma yake inapobadilishwa toleo, kwa kuwa maelekezo yaleyale yanaweza kutoa muhtasari tofauti.