Saa ya kifahari yenye kazi nyingi: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kabla hujauliza bei, uliza nani ataifungua saa hiyo siku ikisimama. Saa ya kutia ufunguo au ya otomatiki yenye kazi za ziada, yaani inayofanya zaidi ya kuonyesha saa, dakika na sekunde, huhitaji sevisi kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Kadiri kazi zinavyoongezeka, ndivyo mafundi wanaoweza kuigusa wanavyopungua. Fundi saa mzuri wa Kariakoo au River Road ataisafisha otomatiki ya kawaida bila shida. Kalenda ya kudumu, yaani saa inayojirekebisha tarehe yenyewe mwezi hadi mwezi, hata Februari, ni jambo jingine: mara nyingi hurudi kiwandani Uswisi, hukaa huko miezi, na bili yake inaweza kufika maelfu ya dola. Kama sevisi ya kwanza tu itakuumiza, saa hiyo bado hujaiweza, hata kama bei yake unayo mkononi.

Mpangilio huu ni wa mtu anayekusanya saa kwa mapenzi na anayekusudia kuzivaa. Anayetafuta faida namshauri aweke fedha zake kwingine. Bei za Rolex na Patek Philippe zilizokwisha kuvaliwa zilipaa hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikaporomoka, na walioingia mwisho ndio walioumia. Ukiondoa majina machache, saa mpya ya aina hii hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mara unapotoka nayo dukani.

1. Saa ya kanda mbili

Hii naipa nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sababu utaitumia kila siku. Ina mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa saa 24 na kukuonyesha saa ya mji mwingine. Rolex waliitengeneza GMT-Master katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, na mpaka leo mtindo wake ndio unaoigwa.

Kuna jambo moja la kuangalia ambalo wauzaji wengi hawakwambii. Katika saa kama Rolex GMT-Master II au Tudor Black Bay GMT, mshale wa saa za hapo ulipo ndio unaoruka peke yake, saa moja moja, bila kusimamisha sekunde. Hiyo ni saa ya msafiri: ukishuka Muscat unausogeza mbele mara moja, basi. Katika Seiko 5 ya kanda mbili, iliyotoka 2022 kwa chini ya dola 500, unaosogezwa peke yake ni ule mshale wa saa 24. Kwa mtu aliye Mombasa mwenye watoto Toronto, hiyo ya bei nafuu inatosha kabisa. Yeye hasafiri, anapiga simu. Wala usilipe zaidi ya dola 10,000 kwa kazi ambayo huihitaji.

2. Kronografu

Hii ni saa yenye kipima muda ndani yake, na hapa ndipo penye historia tamu kuliko zote. Omega Speedmaster ilipitishwa na NASA, shirika la anga la Marekani, Machi 1965 baada ya majaribio ya joto, baridi, mtikisiko na ombwe. Aprili 1970, Apollo 13 ilipopata hitilafu na kuzimiwa mitambo mingi, wanaanga walitumia saa hiyo kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili kurekebisha njia ya kurudi duniani. Upande mwingine kuna Zenith El Primero ya 1969, inayopiga mara 36,000 kwa saa na hivyo kuweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Saa za betri zilipoua soko, kiwanda kiliamriwa mwaka 1975 kuachana na mashine hiyo. Fundi wake Charles Vermot akavificha vifaa na michoro darini, na ndivyo El Primero ilivyoweza kufufuliwa miaka ya 1980. Naiheshimu sana saa hii kwa ajili yake.

Ukiwa nayo mkononi, ijaribu hivi. Bonyeza kitufe cha juu, tazama mshale wa sekunde: uanze bila kuruka mbele na bila kutetemeka. Uache uzunguke zaidi ya dakika moja, uone kama mshale mdogo wa dakika unasogea inavyopasa. Simamisha, kisha bonyeza cha chini. Mshale lazima urudi juu ya 12 sawasawa. Ukisimama pembeni hata kwa upana wa unywele, hiyo ni kazi ya fundi, na gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji.

Asiye na dola elfu kadhaa aangalie saa zinazotumia mashine ya Sea-Gull ST19 ya Tianjin, iliyozaliwa kutokana na Venus 175 ya Uswisi. Ni ya kutia ufunguo kwa mkono, hupatikana kwa dola mia chache, na ukiitazama kwa nyuma kupitia kioo utaona vikono vyote vikishikana na kuachana.

3. Kalenda ya mwaka

Patek Philippe waliileta mwaka 1996. Inajua miezi ya siku 30 na ya siku 31, haijui Februari tu, kwa hiyo unairekebisha mara moja kwa mwaka. Kwangu hiki ndicho kiwango bora cha ufundi kwa fedha unayotoa. Longines walitoa yao 2018 kwa chini ya dola 2,500, na sioni sababu ya mkusanyaji mchanga kuipita.

4. Kalenda ya kudumu, iliyokwisha kuvaliwa

Inajua hata mwaka mrefu, ule wenye siku 366. Ikiwa haijasimama, haihitaji mkono wako mpaka Machi 1, 2100, kwa sababu mwaka huo hautakuwa mrefu. Frederique Constant walishangaza wengi mwaka 2016 walipoiuza mpya kwa chini ya faranga 10,000 za Uswisi. Mimi ninayoipenda ni IWC Da Vinci ya 1985, kazi ya fundi Kurt Klaus, ambayo kalenda yake yote hurekebishwa kwa taji, yaani kile kifundo cha kutilia ufunguo. Ila huenda mbele tu. Ukiizidisha siku kumi, itabidi uisimamishe siku kumi uingoje tarehe ikufikie.

Nyingine nyingi hurekebishwa kwa vitufe vidogo ubavuni. Usiviguse kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku: meno ya kalenda yanakuwa yameshikana kwa ajili ya kubadili tarehe, na ukilazimisha utavunja. Na usiivae baharini. Nyingi huandikwa mita 30, maana yake zivumilie matone, basi.

Dirisha la mwezi wa angani, linaloonyesha ukikua na kupungua, huja humohumo. Gurudumu la kawaida lina meno 59 na hukosea siku moja kila baada ya miaka miwili na nusu hivi. Lenye meno 135 hukosea siku moja kwa miaka 122. Hata hilo halitakwambia mwezi umeandama, maana linahesabu tu, halitazami anga.

5. Saa ya kugonga

Hii hukugongea saa, robo na dakika kwa sauti unapoiamuru. Bei yake ni ya nyumba, lakini ukipata nafasi ya kuisikiliza usiiache. Iweke saa saba kasoro dakika moja (12:59), kisha sukuma kitelezi cha ubavuni: itagonga 12 kwa sauti nzito, jozi tatu za robo, halafu dakika 14 kwa sauti nyembamba. Hapo ndipo utakaposikia kama inachoka au inakaza mwendo.

6. Turbiyoni

Turbiyoni ni kizimba kidogo kinachozungusha moyo wa mashine ili kusawazisha makosa yanayoletwa na uvutano wa dunia. Naiweka mwisho. Fundi saa Breguet alipata hataza yake Paris mwaka 1801 kwa saa za mfukoni zilizosimama wima siku nzima. Mkono wako hausimami hivyo. TAG Heuer waliiuza kwa faranga 15,000 hivi mwaka 2016; kwa fedha hizo chukua kalenda ya kudumu.

Kwa chochote kilichokwisha kuvaliwa, nunua uso wa saa ambao haujabadilishwa na kasha ambalo halijasuguliwa. Saa alizoagiza Sultan Qaboos wa Oman zenye nembo ya jambia hupiganiwa minadani, na kwa hiyo nembo hiyo hughushiwa; bila karatasi za asili, ipite. Ukinunua Dubai au Geneva, safiri na risiti yenye namba ya saa, uitangaze forodhani, na uitajie kampuni ya bima kwa jina na namba yake, kwa sababu bima nyingi za nyumba huwa na kikomo kwa vito na saa.