Toyota Aqua ya mtumba: sikiliza milio hii kabla hujatoa hela

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tuko na Toyota Aqua, bodi NHP10, ile toleo la kwanza iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, injini 1NZ-FXE ya lita 1.5 na mota ya umeme pembeni yake. Sitaongelea rimu wala redio, hayo mnayaona wenyewe. Leo tunasikiliza tu. Meseji nyingi ninazopata za Aqua na Prius ni za mtu anasema gari yangu inalia, fundi kaniambia injini imekufa tuishushe, na hiyo kitu inaniuma kweli, maana mtu kajichanga kanunua gari ya kumpunguzia gharama za mafuta halafu anafunguliwa injini nzima haina tatizo lolote.

Sasa shikeni hili kabla ya yote. Mlio wowote ukiusikia kwenye haibridi, yaani gari ya injini na mota ya umeme kwa pamoja, jiulize: hapo injini imewaka au imezima? Basi. Ukishajua hilo umeshapunguza kazi nusu. Kwenye Aqua ni rahisi, taa ya EV ikiwaka kwenye dashibodi ujue unatembea na umeme, injini imelala. Kama mlio unaendelea taa ya EV inawaka, jamani injini inahusikaje hapo? Usimruhusu mtu aguse boneti kwa ajili ya injini.

Halafu mjue hii gari haina alteneta, haina stata, haina hata belti moja pale mbele. Kompresa ya AC inazungushwa na umeme, pampu ya maji ya injini ya umeme, stelingi ya umeme. Kwa hiyo fundi akikwambia "hii belti inalia, tubadilishe", mshukuru, funga boneti, ondoka. Hajawahi kuifungua hii gari huyo.

Tuanze na milio ambayo watu wanaiogopa bure. Sikilizeni, nafungua mlango wa dereva... mmesikia huo mvumo mbele? Zzzzz halafu kimya. Hiyo ni pampu ya breki inajaza presha, maana hizi gari breki zake haziendeshwi na buusta ya kawaida ya kuvuta upepo wa injini, zinajaziwa presha na pampu ya umeme. Ukifungua mlango inajiandaa. Nzuri kabisa. Mwingine ni ule wa asubuhi, ukiwasha injini inakaa silensa ya juu kidogo kama dakika moja hivi, inapasha joto kichujio cha moshi kule kwenye eksozi, ikishapata joto inazima yenyewe. Na mwingine ni wa mlimani, watu wa Iringa mnaoshuka Kitonga hii mnaijua, unashuka umeachia mafuta kabisa halafu ghafla injini inanguruma kama unaikanyaga. Ni kwamba betri imejaa, haiwezi kupokea umeme mwingine wa breki, kwa hiyo gari inaizungusha injini bila kuchoma mafuta ili iisaidie kushika mwendo. Inatisha, ila ndio ilivyotengenezwa.

Haya, sasa ile pampu ya breki nirudi hapo hapo kwa sababu ndio inayonitia wasiwasi kuliko hata injini. Washa gari mpaka iandike READY, yaani iko tayari kutembea, gia kwenye P, toa mguu kwenye breki, zima feni na redio, kaa kimya usikilize. Pampu inatakiwa ikae muda mrefu bila kulia. Ukiisikia zzz, sekunde chache zzz, sekunde chache zzz, na wewe hujagusa breki, ujue presha inavuja ndani, na siku si nyingi utaona taa ya ABS na ya breki zote zimewaka, ukipima kwa kompyuta unakuta kodi C1391. Hiyo ni hela ndefu wadau, unabadilisha akchueta nzima, ile inayosukuma presha ya breki, na kutoa upepo kwenye hizi breki kunahitaji kompyuta, sio ile ya kaka mmoja anapampu pedeli mwingine anafungua nati. Ni breki hizo, maisha ya watu, usiendeshe na huo mlio ukisema utatengeneza mwezi ujao.

Tuje kwenye injini yenyewe. Hapa lazima ukutane nayo ya baridi. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe, ukifika shika boneti na mdomo wa eksozi, kama pana moto basi ameshaipasha, rudi siku nyingine. Kwa sababu mlio mbaya kuliko yote kwenye haibridi za Toyota unasikika sekunde chache tu za kwanza asubuhi: injini inawaka inatetemeka gari zima, gadagadagada, inamisi, halafu inatulia kama hakuna kitu kilichotokea. Mara nyingi huyo ni maji ya rejeta yameingia kwenye silinda usiku kucha kwa sababu hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeanza kuachia. Wenye Prius ya 2010 mpaka 2015 yenye injini ya 1.8 wanaujua huu ugonjwa vizuri sana, na mafundi wengi wanauhusisha na mfumo wa EGR, ule unaorudisha moshi kwenye injini, kuziba masizi. Aqua nayo ina EGR ya kupozwa na maji kwa hiyo ukisikia mlio huo usiudharau. Ila na kukata tamaa usikate mapema, maana unyevu na oili vikijikusanya kwenye manifodi ya kuingiza hewa navyo vinaweza kuleta mtetemo unaofanana. Utatofautisha vipi? Kipimo cha maji. Weka alama kwenye tanki la kulanti, hayo maji ya rejeta, kwa maka peni, endesha wiki mbili, kama yameshuka na hakuna panapovuja nje basi yanaingia ndani. Fundi anayejua atajaza presha kwenye mfumo wa maji aache usiku, asubuhi atoe plagi aingize kamera ndogo aangalie juu ya pistoni, akikuta kumelowa hakuna mjadala tena.

Kuna mlio mwingine watu wanauchanganya na huo. Injini ikiwa inazima au inawaka ukiwa kwenye foleni, unasikia kraka-kraka ya chuma mara moja tu, halafu basi. Hiyo mara nyingi ni dampa, lile sahani lenye springi kati ya injini na gia boksi, au maunting, zile raba zinazoshikilia injini, zimechoka. Ukitaka kuthibitisha unahitaji injini ikae imewaka, na haibridi inajizima zima, ndio maana mafundi wengi wanashindwa kuisikiliza. Iko njia yake, iandikeni: bonyeza pawa mara mbili bila kugusa breki, gia ikiwa P kanyaga mafuta mpaka mwisho mara mbili, kanyaga breki weka N, kanyaga tena mafuta mara mbili, rudisha P, kanyaga mara mbili, halafu shika breki bonyeza pawa. Yote ndani ya dakika moja. Itakuandikia MAINTENANCE MODE na injini itabaki inasilensa mpaka uzime mwenyewe. Hapo sasa chukua stetoskopu ya fundi, ile yenye chuma kirefu mbele, gusa kava la taiming cheni, gusa karibu na pampu ya maji, gusa gia boksi, palipo na mlio utasikia sikioni mwako palepale. Ila nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, na usiziegemeze kitu. Hizo zinabeba umeme wa kuua, hata betri kubwa ikishachomolewa plagi yake ya usalama unasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta, ile inayobadilisha umeme wa betri kwenda kwenye mota, uishe, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye glovu za umeme, sio ya kwako na bisibisi nyumbani.

Kompresa ya AC nayo fasta fasta. Ikilia wiiii ukiwasha AC tu, injini imezima, uliza kama gesi ilishawahi kujazwa. Hizi kompresa zinatumia oili ya ND-11, ambayo haipitishi umeme, fundi wa barabarani akikuwekea ile ya kawaida ya magari mengine umeme unaanza kuvuja na unakuja kununua kompresa nzima.

Sasa hii nyeupe tuliyonayo. Asubuhi imewaka baridi, safi, hakuna kutetemeka, kulanti iko kwenye mstari. Pampu ya breki imekaa kimya. Ila nyuma, sikilizeni, nimesogeza simu hapa chini ya siti ya nyuma kwenye matundu... huo uvumaji ni feni ya betri inahangaika. Nimetoa kava, oneni hili vumbi, manyoya ya kapeti, na kipande cha ganda la karanga kabisa. Betri inanyimwa hewa na kwa joto la Dar hiyo inaimaliza haraka. Kusafisha feni ni kazi ndogo, lakini kabla sijailipia nimeunganisha kifaa cha bluutuu na app ya Dr. Prius, ya kupimia betri za haibridi, niangalie kama seli za betri zimeshaanza kuachana nguvu, na ziko sawa, hakuna inayokimbilia chini nikikanyaga mafuta.

Na barabarani kuanzia kama 60 hivi kuna mvumo wuuu unaoongezeka na mwendo. EV inawaka, injini inawaka, mvumo uleule. Nikikata kushoto unapanda, nikikata kulia unapungua, yaani uzito ukilalia upande wa kulia ndio inalia, hiyo ni beringi ya tairi la kulia. Muuzaji aliambiwa ni gia boksi. Gia boksi ya hii gari haina klachi wala mkanda ndani, ni gia za sayari na mota mbili, inakufa kwa nadra.

Kwa hiyo hii ningeichukua, akitoa kwenye bei hela ya beringi na ya kusafisha feni. Akikataa kutoa ya beringi bado ningeichukua. Ila ingekuwa ni ile gadagada ya asubuhi, hata angeshusha bei nusu nisingeigusa.