Uzoefu wangu wa kuijaribu ELevate: kuhamisha seva kutoka CentOS 7 hadi AlmaLinux 8

CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux wa seva, ilitolewa Julai 2014, na huduma yake ikafikia ukomo tarehe 30 Juni 2024. Tangu hapo seva inayoitumia haipokei tena viraka vya usalama, na hata yum, amri ya kusakinisha na kusasisha programu, hukwama, kwa kuwa anwani ya mirrorlist.centos.org iliyokuwa ikiielekeza kwenye maghala ya vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) haipo tena. Taasisi ninayoihudumia ilikuwa na seva za aina hiyo zilizobeba tovuti, hifadhidata za MariaDB na skripti za kuandaa ripoti usiku, na kuzijenga zote upya kulihitaji muda ambao hatukuwa nao. Kwa hiyo niliijaribu ELevate, zana ya kuuhamisha mfumo ulivyo, kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) kwanza, kisha nikaitumia kwenye seva zenyewe, na haya ndiyo niliyoyaona.

ELevate ni mradi wa AlmaLinux, mfumo wa Linux wa familia moja na CentOS, uliotangazwa Oktoba 2021. Msingi wake ni Leapp, zana iliyobuniwa na Red Hat kwa ajili ya kuhamisha mfumo wake kutoka toleo kuu moja hadi linalofuata bila kuifuta diski. AlmaLinux waliipanua ili iweze kuzipokea pia familia nyingine zenye asili hiyohiyo, ndiyo maana mtu anayetoka CentOS 7 anaweza kuchagua kuelekea AlmaLinux, Rocky au Oracle Linux, kulingana na kifurushi cha data atakachokisakinisha. Mimi nilichagua leapp-data-almalinux.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali pa kufanyia jaribio. Mtu akisakinisha CentOS 7 safi kisha akaipitisha kwenye ELevate, jaribio litafaulu bila taabu yoyote, nalo halitamwambia chochote kuhusu seva yake. Seva iliyofanya kazi kwa miaka mingi ina vifurushi kutoka maghala ya nje, moduli za kerneli (kiini cha mfumo) zilizoongezwa na fundi aliyekwisha kuondoka, mistari ya ziada katika fstab (faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa) na mipangilio ya sshd (huduma ya SSH, ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) iliyohaririwa kwa mkono, na hayo ndiyo yanayoamua kama safari itafika. Nilichukua nakala ya diski nzima ya kila seva, nikaiwasha kama mashine pepe kwenye mtandao uliotengwa ili isitume barua pepe wala kuigusa hifadhidata ya kweli, kisha nikaielekeza yum kwenye ghala la CentOS 7 ambalo AlmaLinux wenyewe wameliweka kwa ajili ya kazi hii. Baada ya kuvisasisha vifurushi vyote hadi toleo la mwisho, ndipo nikaisakinisha zana yenyewe.

Amri ya leapp preupgrade ndiyo iliyonifanya niiheshimu kazi ya watu hawa. Haiuhamishi mfumo, inaukagua tu, kisha inaandika ripoti katika /var/log/leapp/leapp-report.txt, ambamo kila jambo limepewa uzito wake, na yale yanayozuia uhamisho yametengwa waziwazi. Kwenye nakala zangu vizuizi vilikuwa vya kawaida: moduli ya pata_acpi iliyokuwa imepakiwa ingawa toleo la 8 halina tena kiendeshi hicho, mpangilio wa PermitRootLogin, unaoamua kama msimamizi mkuu (root) anaweza kuingia kwa SSH, ambao haukuwa umeandikwa bayana, na swali kuhusu moduli ya pam_pkcs11 (ya kuingia kwa kadi ya utambulisho) ambalo ni lazima lijibiwe kwenye faili la majibu kabla zana haijakubali kuendelea. Seva mojawapo ilikuwa na kadi mbili za mtandao zenye majina ya eth0 na eth1, na Leapp ilikataa katakata kuendelea, kwa sababu majina hayo yanaweza kubadilishana baada ya mashine kuwashwa upya. Huo ni uangalifu mkubwa. Skripti nyingi za namna hii nilizowahi kuzitumia hukimbilia kazi na kumwachia fundi agundue mwenyewe, usiku wa manane, kwamba seva imepoteza anwani yake. Chini ya kila tatizo ripoti hueleza sababu, na mara nyingi hutaja amri ya kulitatua. Nawasihi mafundi wenzangu waisome hadi mwisho, pamoja na yale yasiyozuia chochote, maana humo ndimo yanapotajwa mabadiliko ya Python na vifurushi ambavyo havikutiwa saini na msambazaji.

Uhamisho wenyewe hauna maelezo mengi. Amri ya leapp upgrade hupakua vifurushi vya toleo jipya, huandaa mazingira madogo ya kuwashia na kuyaweka kwenye menyu ya GRUB (programu ya kuwashia mfumo) kwa jina la ELevate-Upgrade-Initramfs, na mashine ikiwashwa upya kazi yote hufanyika humo. Wakati huo SSH haipatikani, kwa hiyo anayehudumia seva iliyo mbali ahakikishe kwamba ana konsoli ya kuitazamia. Umeme nao usikatike katikati, kwani hakuna amri ya kurudi nyuma. Njia pekee ya kurudi ni nakala ya diski uliyoichukua mwenyewe. Mfumo ukishainuka, kerneli inakuwa imetoka 3.10 hadi 4.18, lebo za SELinux (ulinzi unaozuia programu kugusa yasiyozihusu) zinaandikwa upya, na mashine inawashwa tena.

Hapo ndipo inapoanza kazi ambayo zana hii haidai kuifanya, na mtu anayeitathmini kwa haki hana budi kuitenganisha na kasoro. MariaDB inatoka 5.5 hadi 10.3, lakini majedwali ya mfumo hubaki na muundo wa zamani mpaka uendeshe amri ya mysql_upgrade. PHP inaruka kutoka 5.4 hadi 7.2, ambamo kundi la zamani la maagizo ya mysql_ halimo kabisa, na tovuti yetu moja ilitakiwa kuandikwa upya sehemu yake yote ya kuzungumza na hifadhidata. Skripti za usiku zilizoanza na mstari wa /usr/bin/python hazikupata kitu mahali hapo, kwa kuwa toleo la 8 halitoi tena amri hiyo bila namba. Sera mpya ya usimbaji inakataa TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya itifaki ya kulinda mawasiliano, hivyo vifaa vya zamani vilivyokuwa vikituma takwimu kwenye seva vilinyamaza. Ipo sera ya LEGACY inayovirudisha, ingawa ningeona ni heri kuvibadilisha vifaa kuliko kuulegeza mlango. SELinux nayo huachwa katika hali ya kuonya tu, nawe unapaswa kuirudisha katika hali ya kuzuia baada ya kukagua kumbukumbu. Mwisho, orodha ya vifurushi itaonyesha vichache vyenye alama ya el7 (yaani vya toleo la 7) vilivyobaki, ambavyo ni vizuri kuviondoa kimoja kimoja kwa kujua kila kimoja kilikuwa cha nini.

Kati ya alama tano ninaipa ELevate nne, na alama niliyoizuia ni ya nyaraka zake, ambazo zinaeleza vizuri njia iliyonyooka na kugusa kidogo sana yanayofuata baada ya mfumo mpya kuinuka. Kwa seva ya tovuti, ya barua pepe au ya mafaili, ningeitumia tena bila kusita, mradi nakala yake iwe imejaribiwa kwanza. Kwa seva yenye hifadhidata ya PostgreSQL 9.2 na data nyingi ningeshauri mashine mpya, kwa sababu huduma ya PostgreSQL 10 inayokuja na mfumo mpya haitakubali kuanza juu ya data ya zamani mpaka igeuzwe, na kuitoa data hiyo kwa amri yake ya pg_dump kabla ya kuigusa seva kulikuwa kwepesi kwangu kuliko kuigeuza palepale. Anayehamia AlmaLinux 8 sasa atahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo inafaa nakala ile ya majaribio isifutwe: ndiyo atakayoanzia kuijaribu safari ya kwenda toleo la 9, ambalo linahitaji vichakato (CPU) vya kiwango cha x86-64-v2, yaani vinavyoelewa maagizo mapya zaidi, na huenda likazikataa baadhi ya mashine za zamani zilizopo leo.