Alouette III ya skeli 1/72: uzoefu wangu wa kuiunga na kuipaka rangi hapa Tanga

Ukitaka kununua modeli ndogo ya helikopta, picha ya juu ya boksi isikuteke. Uliza kwanza habari za vioo. Alouette III hii niliyoimaliza juzi ni kama nusu nzima vioo: pua yote, milango, mpaka juu ya kichwa cha rubani. Vioo vikitoka safi, kazi imetoka. Vikishika ukungu wa gundi, hakuna rangi itakayoiokoa. Vya boksi hili vilikuja vyembamba na vinang'aa, na kwa sababu hiyo tu ningeinunua tena.

Kwa asiyezijua modeli hizi, skeli ya 1/72 maana yake inchi moja inasimama badala ya futi sita. Mtu wa futi sita humu ana urefu wa inchi moja. Helikopta yenyewe ina bodi ya mita 10 na pangaboi la kipenyo cha mita 11. Mezani unapata bodi ya karibu sentimita 14 na pangaboi la sentimita 15. Inakaa kiganjani, na rubani wake aliyeketi hafiki inchi moja.

Tanga sijaona duka linalouza vitu hivi. Niliagiza mtandaoni kupitia ndugu yangu aliyeko Dar, naye akanitumia kwa basi nikaupokea mzigo stendi ya Kange. Gharama zote, pamoja na nauli ya mzigo, hazikufika laki moja. Rangi sikuagiza, kwa kuwa makopo ya kupuliza na rangi zenye thina hayasafirishwi kwa posta ya ndege, yanashika moto. Kwa hiyo panga mapema utapaka nini kabla hujalipa.

Kwa nini Alouette na si chopa mpya zaidi? Mimi naipenda kwa ilivyojianika. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1959 Ufaransa, na waliobuni hawakuifunika injini. Turbini yake ya Artouste imekaa wazi mgongoni, nyuma ya pangaboi, na mabomba yake yote unayaona. Halafu ina historia ya milima. Mwaka 1960 rubani Jean Boulet alitua nayo na kuruka tena kule Himalaya kwenye mita 6,004. Kilele chetu cha Uhuru ni mita 5,895. Nilipolisoma hilo nilijua modeli ya kwanza kukaa kwenye kabati langu ni ipi.

Sasa boksi lenyewe. Kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, ni ya zamani na inaonekana: pembeni mwa vipande vidogo kuna utando wa plastiki uliovuja, hasa kwenye miguu ya magurudumu na kwenye mabomba ya injini. Usivivunje vipande kwa mkono kutoka kwenye fremu ya plastiki inayovishikilia. Kata kwa kikata kucha chenye makali, acha kikonyo kidogo, kisha ondoa kikonyo kwa msasa wa maji namba 600. Maelekezo ni picha tupu, hilo halina shida, lakini rangi zimeandikwa kwa namba za rangi za kampuni yao wenyewe. Hakuna jina la rangi hata moja. Mtu wa Ngamiani hapa Tanga atazitoa wapi namba hizo? Ilibidi nitafute picha za helikopta halisi na kulinganisha kwa macho. Kwa bei ile hili limenikera.

Injini nimeifanyia kazi kuliko kitu kingine chochote. Niliipaka nyeusi kwanza, ikakauka vizuri, halafu nikachukua brashi bapa yenye rangi ya fedha kidogo sana, nikaifuta kwenye karatasi mpaka ikabaki karibu kavu, nikawa naipitisha juu juu. Fedha inashika kwenye kingo na vichwa vya nati tu, weusi unabaki mashimoni. Bomba la ekzosi nililichanganyia kahawia na fedha, kwa sababu chuma kilichoungua hakibaki cheupe. Ukiisogeza karibu na jicho unaona mpaka pete za kufungia mabomba, na kila moja ni nyembamba kama uzi wa kushonea.

Jambo moja ambalo maelekezo hayakulisema kabisa: helikopta hii ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na mkia wake ni mrefu. Nilipoishikiza kwa tepu kabla ya gundi, ilikaa kitako pua ikatazama juu. Inahitaji uzito mbele, na mbele ni vioo vitupu, huwezi kuficha kitu. Nilikwenda Deep Sea kwa wauza vifaa vya uvuvi nikanunua chubwi dogo, nikaligonga nyundo mpaka likawa bapa, nikalibandika chini ya kiti cha nyuma, mbele kidogo ya magurudumu makubwa. Ikatulia. Chubwi ni madini ya risasi, yana sumu, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza na usimwachie mtoto.

Vioo sasa. Supa gluu isikaribie hapa. Mvuke wake unapanda na kuganda juu ya plastiki angavu, unaacha weupe usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya kawaida ya maseremala; ikikauka inakuwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa pamba mbichi. Pale kioo cha mbele kinapokutana na bodi kulikuwa na pengo, kubwa la kutosha kupitisha kadi ya simu. Nililijaza kwa gundi hiyohiyo kwa kutumia kijiti cha meno, nikasawazisha kwa pamba ya masikio iliyoloa. Kioo kimoja cha mlango kilikuja na mkwaruzo. Dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa laini, unasugua taratibu kwa mduara, ukaisha.

Fremu za vioo zinahitaji subira. Unafunika kioo chote kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, unabonyeza kwa ncha ya kijiti mpaka mstari wa fremu uonekane, kisha unakata kwa wembe mpya na kubandua tepu ya juu ya fremu peke yake. Anza kupaka fremu kwa kijivu cha ndani, ndipo upake rangi ya nje juu yake. Ukichungulia ndani baadaye unaona kijivu, kama ilivyo kwenye helikopta halisi.

Kuhusu rangi nilipita kwanza kwa fundi wa rangi za magari Ngamiani, nikiwa na kipande cha ile fremu ya kushikilia vipande mkononi. Akadondoshea tone la thina ya NC. Plastiki ikalainika palepale.

"Umeona, mdogo wangu? Hii ni ya bati. Hapo inakula."

"Kwa hiyo nitumie nini, kaka?"

"Ya maji. Na usipake jioni, hewa ya bahari ikiingia rangi inapauka."

Nilifuata yote mawili. Nilinunua akriliki za maji za wachoraji, nikaosha vipande kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta ya kalibu, nikapaka kati ya saa nne asubuhi na saa saba, umande ukiwa umekwisha na upepo wa bahari haujakolea. Akriliki ya wachoraji haishiki vizuri kwenye plastiki tupu, kwa hiyo piga praima ya plastiki kwanza, nyepesi sana, uiache ilale. Rangi niliyochagua ni buluu ya Gendarmerie, askari polisi wa kijeshi wa Ufaransa, walioitumia helikopta hii kuokoa watu milimani. Niliipunguza makali kwa tone la nyeupe, maana kitu kidogo kikipakwa buluu kali kinaonekana cheusi kwa mbali. Mikono mitatu myembamba ya rangi imeshinda mmoja mzito, alama za brashi hazionekani. Wakati wa masika nisingethubutu, rangi ingekaa inanata siku nzima.

Stika za maji zilikuwa nzuri: unaloweka, unateleza nayo mpaka mahali pake, unakandamiza kwa pamba. Kingo zake zimepotea kabisa chini ya vanishi isiyong'aa.

Mwisho pangaboi. Helikopta za Ufaransa, ukizitazama kutoka juu, pangaboi lake linazunguka kwa upande wa mshale wa saa. Ukingo mnene wa kila panga ndio unaotangulia, na picha ya maelekezo ni ndogo mno kuonyesha hilo. Hakikisha kabla ya gundi. Pia zikiwa zimesimama, panga tatu hizi huinama kidogo kwa uzito wake. Za boksi zimenyooka kama rula. Nilizichovya kwenye maji ya moto nikazikunja taratibu kwa vidole, nikazitia kwenye maji baridi zikaganda hivyo.

Kwa anayeanza kabisa ningesema subiri kidogo, vioo vitakukatisha tamaa. Kwa aliyeshaunga ndege moja au mbili, chukua. Mimi nimeshaagiza helikopta ya Huey ya Marekani ya skeli hiyohiyo. Hiyo ina panga mbili tu na inazunguka kinyume, kwa hiyo zikiwa mezani pamoja panga zake nitaziweka kwenye kibakuli chake peke yake.