Ultramega OK: Toleo la 1988 au la 2017?

Ultramega OK, albamu ya kwanza kamili ya Soundgarden, bendi ya roki iliyoanzishwa Seattle, Marekani, mwaka 1984, inapatikana kwa sura mbili. Ya kwanza ni ile iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya SST mwaka 1988. Ya pili ilitolewa na kampuni ya Sub Pop Machi 2017, miezi miwili kabla ya kifo cha mwimbaji wa bendi, Chris Cornell, baada ya nyimbo za albamu hiyo kuchanganywa upya (yaani, viwango vya sauti ya mwimbaji na ala kupangwa upya) na Jack Endino, mtayarishaji yuleyule aliyewarekodi katika Screaming Life, rekodi yao fupi (EP) ya 1987.

Bendi yenyewe haikuridhika na uchanganyaji wa awali, na sababu inasikika: ngoma za Matt Cameron ziko mbali, na gitaa la Kim Thayil limepungukiwa uzito. (Hata hivyo, toleo hilo liliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.) Tofauti hudhihirika zaidi katika "Beyond the Wheel", ambamo Cornell huanza kwa sauti ya chini kabisa, karibu ya kunguruma, kisha hupanda hadi kwenye mayowe makali ambayo waimbaji wengi wa roki wasingethubutu kuyajaribu. Katika toleo la zamani mayowe hayo yanaelea juu ya muziki. Katika jipya, ala zina nguvu ya kuyabeba.

Kwa msikilizaji mgeni, ningependekeza la 2017, ambalo pia lina rekodi za awali za majaribio. Mashabiki wa tangu enzi hizo wana haki ya kulishikilia la 1988, kwa kuwa ndilo walilolizoea, mikwaruzo yake ikiwemo.