Rangi ya silva ya kugusia rimu: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kama gari lako ni silva, usiende dukani kuomba "silva" tu, maana silva ziko nyingi. Langu ni Toyota. Ukifungua boneti, kwenye kibati palipoandikwa C/TR inasomeka 1F7, na hiyo ndiyo namba ya rangi ya bodi. Nilinunua kichupa cha kugusia, yaani cha kuziba mikwaruzo midogo, chenye namba hiyo, kile chenye kiburashi kwenye mfuniko. Kwa bodi nakipa alama nzuri kabisa: vidonda vya kokoto za barabara ya Singida vimezibika, na usipovitafuta huvioni.

Rimu ni habari nyingine. Namba ya kwenye kibati ni ya bodi, rimu za alumini zina silva yake. Niliijaribu 1F7 kwenye kipande cha bati, nikakiweka karibu na rimu, ikatoka nyeupe mno. Kopo la kupulizia lililoandikwa silva ya rimu nalo lilikuwa na chenga kubwa, likameta kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hilo silipendekezi kwa mtu anayegusia sehemu ndogo tu.

Kilichonifaa ni duka la kuchanganya rangi. Niliosha rimu kwanza, kwa sababu vumbi jeusi la breki hudanganya macho, nikaibeba yenyewe hadi pale. Kijana wa kuchanganya aliuliza swali ambalo duka lingine halikuniuliza: "Kaka, utapaka kwa brashi au utapulizia?" Silva ina chembe za alumini ndani yake. Ukipulizia zinalala vizuri, ukipaka kwa brashi zinakaa ovyo na rangi inaonekana imefifia. Akaongeza tone la nyeusi, akapulizia kwenye kadi, akasubiri ikauke, ndipo tukatoka nayo juani. Tuliitazama kwa mbele, kisha kwa ubavu, maana silva inaweza kufanana mbele na kukukana ubavuni. Akairudisha tena ndani kuirekebisha bila kununa. Bei ilizidi ya kopo la kawaida, na ilistahili.

Kazi yenyewe si ngumu: msasa 400 penye mkwaruzo, kisha 800 na maji, futa kwa tina, paka praima (rangi ya msingi), halafu rangi nyembamba nyembamba, na mwisho klia, ile vanishi angavu ya kufunika rangi. Fanya asubuhi na mapema, kabla upepo wetu wa Dodoma haujaamka, la sivyo vumbi litaganda kwenye klia.

Upungufu niliouona ni hiyo klia ya kopo waliyoniuzia pamoja na rangi. Imeshaanza kupauka ukingoni, kwenye mkwaruzo mkubwa, ilhali rangi ya chini iko vilevile. Safari ijayo nitachukua klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), nimpe fundi mwenye kompresa na barakoa ya kemikali aipulizie, kwani moshi wa hadina unaumiza mapafu. Rangi nitachanganyishia pale pale.